Maswali ya Wasomaji: Aliyechora shule za mitaa yetu, je, anastahili ukurasa katika kamusi elezo?

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka mtaa wa Kamalondo, Lubumbashi. Babu yetu mzaa mama, ambaye sasa ni marehemu, alianza kazi akiwa mchoraji wa ramani za majengo katika ofisi ya Wabelgiji kabla ya uhuru, na baadaye akajitegemea kama msanifu majengo. Alichora shule, makanisa madogo, zahanati na nyumba nyingi za watu katika mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi ya mji huu, na nyingi kati yake zingali zimesimama. Familia yetu imegawanyika. Wajukuu wanataka kumwandikia ukurasa katika Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni, lakini mjomba wetu mkubwa anasema kwamba mtu asiyejulikana nje ya Lubumbashi hastahili, na kwamba tutajiletea aibu. Tunalo sanduku la ramani zake, vyeti viwili, hotuba iliyosomwa siku ya mazishi, na toleo moja la jarida la parokia lililomtaja. Je, anastahili au hastahili?

JIBU: Ndugu yetu wa Kamalondo, kwa vitu hivyo ulivyovitaja, babu yenu hawezi bado kuwa na ukurasa wake mwenyewe; hata hivyo sababu anayoitoa mjomba wenu siyo sababu yenyewe, na ni vizuri familia ilijue jambo hilo kabla ya kuendelea kubishana. Hakuna kanuni ya Wikipedia inayodai kwamba mtu awe anajulikana katika nchi za mbali. Msanifu aliyefanya kazi maisha yake yote katika mji mmoja anaweza kabisa kuingia. Kinachodaiwa ni kwamba watu ambao si ndugu zake, si waajiri wake wala wateja wake wawe wamekwisha kuandika juu yake kwa kirefu, katika machapisho yenye mhariri na yenye sifa ya kuaminika. Kamusi elezo hukusanya yale ambayo wengine wameyachunguza na kuyachapisha. Haichunguzi yenyewe, wala haitoi nishani kwa waliofanya kazi njema. Kwa hiyo swali la kustahili, kama mnavyoliuliza nyumbani, linachanganya mambo mawili: ubora wa kazi ya babu, ambao mimi sina shaka nao, na kiasi cha maandishi yaliyokwisha kuwapo juu yake, ambacho kwa sasa ni kidogo mno.

Kwa wasanifu majengo, pamoja na wasanii na waandishi, Wikipedia ya Kiingereza ina vigezo vyake vya ziada. Mtu anaweza kukubaliwa ikiwa wenzake wa fani humhesabu kuwa mtu muhimu na humrejelea mara kwa mara. Au ikiwa ndiye aliyeanzisha njia mpya ya ujenzi ambayo wengine waliifuata. Au ikiwa jengo lake, au jumla ya majengo yake, imekuwa mada ya kitabu au ya makala kadhaa za watu huru. Au ikiwa kazi yake ni mnara wa kumbukumbu wenye umuhimu mkubwa, au imehifadhiwa katika makumbusho kadhaa yanayotambuliwa. Wikipedia ya Kifaransa, ambayo nadhani ndiyo wengi wetu hapa Lubumbashi tunayoisoma, inaongeza sharti la muda: vyanzo huru vinavyomzungumzia mtu huyo viwe vimetolewa kwa nyakati zinazoachana kwa angalau miaka 2, ili ionekane kwamba hakuvuma siku moja tu na kusahauliwa. Sharti hilo mimi naliona kuwa la haki, hata kama linatuumiza, kwa sababu jengo hudumu, na ikiwa ni jengo la maana, kuna mtu atakayeliandikia tena baada ya miaka.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Claude Strebelle, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 2010, ambaye pamoja na wenzake wa kundi la wasanifu lililoitwa Yenga alichora jumba la tamthilia la mji huu katika miaka ya 1950, jumba ambalo leo tunaliita Bâtiment du 30 Juin na ambalo Bunge la Mkoa limelitumia kwa vikao vyake. Strebelle ana ukurasa katika Wikipedia ya Kifaransa. Je, ni kwa sababu jumba lile ni zuri? Ni zuri, na kila ninapolipita huwa natazama jinsi paa na kuta zake zilivyopangwa. Lakini uzuri wake peke yake usingalimwingiza. Aliporudi Ubelgiji, Strebelle aliongoza mpango wa eneo la Chuo Kikuu cha Liège huko Sart-Tilman na alishiriki kuutengeneza upya uwanja wa Saint-Lambert katikati ya mji wa Liège. Kazi hizo zikajadiliwa katika majarida na vitabu vya nchi yenye majarida na vitabu vingi vya fani hiyo. Mtu akitaka kuandika juu yake leo, ana vyanzo tayari. Babu yenu alichorea watu wa Katuba, na Katuba haikuwa na jarida la usanifu majengo.

Hapo ndipo tofauti inapoumiza, na sitaki kuipunguza. Wakati wa ukoloni, Mkongomani aliyeingia katika ofisi ya usanifu aliingia kama mchoraji wa ramani, si kama msanifu. Alichora mistari, alipima, alikwenda kwenye eneo la ujenzi kuwaelekeza waashi, kisha mwenye ofisi ndiye aliyetia sahihi. Mtafiti wa leo akifungua ramani ya mwaka 1955, ataona jina moja tu pembeni, na jina hilo si la mtu aliyekaa juu ya karatasi usiku kucha. Hata wale walio mashuhuri duniani wamepatwa na jambo linalofanana na hilo. Denise Scott Brown, aliyezaliwa mwaka 1931 huko Nkana, upande wa pili wa mpaka katika ukanda huu huu wa shaba, alifanya kazi bega kwa bega na mumewe Robert Venturi kwa miongo mingi. Mwaka 1991 Tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika usanifu majengo, ilipewa mume peke yake. Mwaka 2013 maelfu ya watu walitia sahihi ombi kwamba atambuliwe pamoja naye, na kamati ya tuzo ikakataa. Lakini Scott Brown alikuwa ameandika vitabu, alikuwa amefundisha vyuoni, na wengine walikuwa wameandika juu yake. Kwa hiyo hakuna anayeuliza leo kama anastahili ukurasa. Mchoraji wa Kamalondo aliyekosa sahihi kwenye ramani hana pa kushika isipokuwa mtu mwingine aende kumtafuta.

Sasa tulifungue sanduku lenu. Ramani zenyewe ni hazina, lakini mbele ya kanuni za Wikipedia ni vyanzo vya kwanza: zinathibitisha kwamba mtu fulani alichora kitu fulani, hazithibitishi kwamba kuna mtu huru aliyeona umuhimu wake. Vyeti ni vivyo hivyo. Hotuba ya mazishi imeandikwa na watu wa nyumbani, tena siku ambayo hakuna anayetaja kasoro, kwa hiyo haihesabiwi. Jarida la parokia lina uzito zaidi kidogo, hasa ikiwa lilieleza jinsi kanisa lilivyojengwa na sehemu ya babu katika kazi hiyo. Lakini ikiwa parokia ndiyo iliyomwajiri, uhuru wa chanzo hicho unapungua, na kutajwa kwa mstari mmoja si kuandikwa kwa kirefu.

Ninachowashauri ni kuanza na majengo badala ya mtu. Ikiwa mojawapo ya shule au makanisa aliyoyachora limekwisha kuandikwa katika kitabu cha historia ya mji, katika gazeti, au katika utafiti uliochapishwa, jengo hilo linaweza kupata makala yake, na ndani ya makala hiyo jina la babu likaandikwa pamoja na chanzo chake. Tena si lazima chanzo kiwe mtandaoni, wala kiwe cha Kiingereza. Gazeti la karatasi lililohifadhiwa katika maktaba linakubalika, na lugha yoyote inakubalika, Kiswahili kikiwamo, mradi msomaji mwingine aweze kulipata na kuhakikisha. Pitieni magazeti ya zamani ya Élisabethville, yaani Lubumbashi ya wakati wa ukoloni, kama L'Essor du Congo, ambayo yalitangaza uzinduzi wa majengo. Ulizeni parokia na kurugenzi za shule kama zina vitabu vya kumbukumbu. Na mkikuta jina la jengo bila jina la mchoraji, msijaze pengo kwa kumbukumbu ya nyumbani, hata kama mna hakika nayo. Kisha lipelekeni sanduku, au nakala zake zilizopigwa vizuri, kwa wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mwanafunzi mmoja wa udaktari akitetea tasnifu juu ya wachoraji wa ramani wa Katanga, na makala mbili zikatokana nayo, hali ya babu yenu itakuwa imebadilika kabisa.

Jambo la mwisho kwenu: ukurasa huo ukifika wakati wake, asiuandike mjukuu. Wikipedia haimkatazi ndugu kabisa, ila inamwomba ajitambulishe na apendekeze badala ya kuandika mwenyewe, kwa kuwa ni vigumu kwetu sote kumpima mtu aliyetulea. Mwambieni mjomba kwamba aibu haipo katika kuuliza.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo hapa Lubumbashi. Naona kanuni hizi za kamusi elezo za mtandaoni kuwa za upendeleo. Nyaraka zetu nyingi ziko Ubelgiji, magazeti yetu yamepotea, na historia ya mitaa yetu iko vichwani mwa wazee. Ikiwa kila kitu lazima kiwe kimechapishwa, basi wasanifu wa Kongo hawataingia kamwe. Kwa nini ushuhuda wa wazee usikubaliwe? Na je, tusiandike tu katika Wikipedia ya Kiswahili, ambako hakuna ukali mwingi?

JIBU: Mwanafunzi wetu, malalamiko yako yana msingi, na wapo wengi ndani ya Wikipedia yenyewe wanaoyakubali. Mwaka 2011 kulikuwa na mradi nchini India na Afrika Kusini wa kurekodi maelezo ya watu kwa sauti na kuyatumia kama vyanzo vya makala, kwa hoja hiyo hiyo unayoitoa: kwamba maarifa mengi ya dunia hayajawahi kuchapishwa. Mradi ule uliibua mjadala mkali, lakini kanuni kuu haikubadilika.

Nami, baada ya kulifikiria sana jambo hili, niko upande wa wanaotaka kanuni ibaki. Tafakari kile kitakachotokea ikiondolewa. Leo mzee mmoja wa mtaa wa Kenya atasema kwamba shule fulani ilichorwa na babu wa huyu. Kesho mzee mwingine atasema ilichorwa na bruda wa misheni. Na aliye mbele ya kompyuta, pengine akiwa Montreal au Nairobi, hana njia ya kuamua. Katika mji kama wetu, ambapo swali la nani alijenga nini na nani alitoka wapi limewahi kuwafukuza watu majumbani mwao, kama ilivyotokea kwa ndugu zetu waliotoka Kasai kati ya mwaka 1992 na 1994, mimi ningeogopa kamusi ambayo kila mtu anaweza kuijaza kwa kusema tu kwamba aliambiwa. Sharti la kuthibitisha linamkinga mnyonge pia.

Lakini ushuhuda wa wazee una njia yake ya kuingia, na njia hiyo imekwisha kufunguliwa hapa hapa mjini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, katika mradi wa Mémoires de Lubumbashi, wamewahoji wakazi juu ya maisha ya kambi za wafanyakazi, juu ya chakula, juu ya nyumba na juu ya vifo, na kutoa vitabu na maonyesho. Mzee akisimulia mbele ya mtafiti anayelinganisha maneno yake na ya wengine, na mtafiti akachapisha, simulizi hilo limekuwa chanzo. Wewe unasomea usanifu majengo. Unajua kusoma ramani, kupima dirisha, kutambua tofali la kiwanda na tofali lililochomwa kijijini. Wanahistoria wengi hawana ujuzi huo. Chagua mtaa mmoja, andika juu ya watu walioyachora majengo yake, na usiishie kwenye kazi ya mwisho wa masomo inayobaki rafuni, maana kazi za ngazi hiyo kwa kawaida hazihesabiwi kuwa vyanzo vyenye nguvu. Itoe makala katika jarida linalopitiwa na wataalamu.

Kuhusu nyaraka zilizoko Ubelgiji, ni kweli kwamba sehemu kubwa ya karatasi za utawala wa kikoloni iko Brussels, na kwamba makumbusho ya Afrika yaliyoko Tervuren, karibu na Brussels, yana picha na michoro mingi ya miji yetu. Hilo ni deni ambalo halijalipwa. Lakini msidhani kwamba hapa hakuna kitu. Gécamines, kampuni ya serikali ya madini iliyorithi shughuli za kampuni ya kikoloni ya Union Minière, iliacha majengo na karatasi. Kanisa lina kumbukumbu zake. Ofisi za ardhi nazo zina mafaili ya viwanja. Wasanii wa mji huu wanaokutana katika Biennale ya Lubumbashi, iliyoanza mwaka 2008, wameonyesha mara nyingi kwamba picha na ramani za zamani zinaweza kusomwa upya na watu wa hapa. Msanii Sammy Baloji amefanya kazi hiyo pamoja na Johan Lagae, mwanahistoria wa usanifu majengo wa Chuo Kikuu cha Ghent, na maandishi yaliyotokana na ushirikiano huo yanatajwa leo katika tafiti za nchi nyingine. Kilichokosekana ni kwamba macho hayo yageukie pia watu waliochora bila kutia sahihi.

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na ninaipenda. Ningefurahi kuona makala mia moja juu ya majengo ya Katanga ndani yake. Hata hivyo nisingekushauri kuitumia kama mlango wa nyuma. Wahariri wake ni wachache, na ukurasa usio na vyanzo unaweza kukaa muda mrefu bila kuguswa, lakini utakuwa ukurasa ambao hakuna atakayeutegemea, na siku wahariri watakapoupitia utaondoka. Kama una ushahidi mdogo lakini wa kweli, upo mradi ndugu uitwao Wikidata, ulioanza mwaka 2012, ambao hupokea taarifa fupi za mtu au jengo kwa sharti jepesi zaidi: kwamba kitu hicho kitambulike wazi na kiweze kuelezwa kwa marejeo ya umma yanayoaminika. Jina, mwaka, mahali, jengo. Kwa wengi wa wasanifu wetu, hapo ndipo pa kuanzia.

Ukisema kwamba hawataingia kamwe, nakukumbusha habari ya Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada. Mwezi wa Mei 2018 rasimu ya ukurasa wake katika Wikipedia ya Kiingereza ilikataliwa kwa sababu marejeo yaliyowekwa hayakuonyesha umuhimu wake. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo huo akatangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia, na ukurasa ukaandikwa siku hiyo hiyo. Wengi waliwalaumu waliomkataa. Mimi nawalaumu kwa sehemu tu, kwa kuwa rasimu ilikuwa haina vyanzo vya kutosha. Lawama kubwa ni ya magazeti na majarida yaliyokaa kimya juu ya mwanamke aliyekuwa amefanya ugunduzi wake tangu miaka ya 1980. Kukataliwa hakukuwa hukumu ya milele. Ukurasa uliokosa vyanzo mwaka huu unaweza kurudi mwaka mwingine ukiwa navyo.

SWALI: Bwana Mhariri, kuna kijana aliyeniambia kwamba anaweza kumwingiza baba yangu, ambaye ni mkandarasi na msanifu majengo anayefanya kazi hadi leo, katika Wikipedia kwa malipo, na kwamba atahakikisha ukurasa haufutwi. Je, nimlipe? Mimi ni msomaji wa Kampemba.

JIBU: Dada au kaka wa Kampemba, usimlipe. Anayeandika kwa malipo analazimika, kwa masharti ya matumizi ya Wikipedia tangu mwaka 2014, kutangaza hadharani nani anamlipa. Na asipofanya hivyo, akaunti yake inaweza kufungwa na ukurasa ukafutwa pamoja na kazi nyingine zake. Wala hakuna mtu anayeweza kuhakikisha kwamba ukurasa utabaki, kwa kuwa uamuzi huo hufanywa na wahariri kwa majadiliano ya wazi, ambayo katika Wikipedia ya Kiingereza hudumu kwa kawaida siku 7 na kila anayetaka huyasoma. Isitoshe, baba yako yu hai: juu ya watu walio hai kanuni ni kali zaidi, na ukurasa ukiwapo, familia haina mamlaka ya kuchagua kinachoandikwa. Jengo lake likianguka au mteja akimshtaki, na gazeti likaandika, habari hiyo nayo inaweza kuingia.

Kama baba ana kazi ambayo wengine wameiandikia, kusanya nakala za makala hizo, zenye tarehe na jina la gazeti, uziweke mahali pamoja, kisha upendekeze ukurasa kwa jina lako ukisema wazi kwamba wewe ni mtoto wake. Hilo halina gharama yoyote. Kama makala hizo hazipo bado, fedha uliyotaka kumpa kijana huyo mtafutie mpiga picha mzuri ayapige majengo ya baba yakiwa bado mapya, na kila picha iandikwe nyuma yake mtaa, mwaka, jina la mwenye jengo na majina ya waashi.